Wakili uliyeelemewa, hesabu majalada kabla ya kuomba likizo

Swali ni lile lile, maneno tu ndiyo yanayobadilika. Wakili mwenye miaka 15 au 20 kazini, mwenye jina na ofisi yake, anauliza: nimechoka kiasi kwamba hata nikilala siamki na nguvu, nipunguzeje kazi bila kuwapoteza wateja niliowapata kwa jasho? Anayeuliza hivyo si mvivu wala si mgeni wa kazi. Mara nyingi ameshaijaribu dawa anayoijua kila mtu. Alizima simu, akaenda kwa wazazi siku tano, akala vizuri, akalala. Jumatatu akarudi mezani akakuta majalada ni yale yale, na juu yake zimelundikana hati za kujibu za siku tano. Wiki mbili hazikupita, akawa pale pale alipokuwa.

Makala haya yana jibu moja. Uchovu wa wakili mzoefu hutokana zaidi na ahadi alizozitoa kuzidi saa alizonazo, kwa hiyo hauponi kwa mapumziko peke yake. Hupona pale ahadi zinapohesabiwa, zinapopunguzwa na kugawanywa. Mapumziko yana nafasi yake, lakini ni hatua ya nne. Kanuni za mahakama zinazotajwa hapa ni za Tanzania. Wakili wa Nairobi au Mombasa atabadilisha idadi ya siku tu, mzigo ataukuta ni ule ule.

## Jipime kwanza

Shirika la Afya Duniani limeuingiza uchovu wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Limeueleza kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, na limesema wazi kwamba si ugonjwa. Tofauti hiyo ina uzito. Kama tatizo lingekuwa mwilini mwako, ingetosha kukutibu wewe na kuiacha ofisi kama ilivyo. Kwa kuwa liko katika namna kazi ilivyopangwa, ukijitibu wewe na kuiacha ofisi vile vile, uchovu utakufuata. Shirika hilo linataja alama tatu, na kwa wakili huonekana hivi:

- Nguvu zimekwisha. Unafungua jalada usiku wa kuamkia siku ya kusikilizwa. Mchana nafasi ilikuwepo, lakini ulilitazama ukashindwa kulinyanyua.
- Moyo umejitenga na kazi. Jina la mteja likitokea kwenye simu, unaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Mtu aliyekukabidhi nyumba yake au uhuru wake umeanza kumwona kero.
- Ubora umeshuka, na wewe unajua. Hati ya madai imenakiliwa kutoka shauri la mwaka juzi, na aya ya tisa imebaki na jina la mdaiwa wa zamani. Ahirisho unaliomba kwa sababu hujajiandaa, ingawa unaieleza mahakama sababu nyingine.

Alama moja kwa wiki moja, katikati ya vikao vya Mahakama ya Rufani, si jambo la kushtua. Ukiziona zote tatu mwezi hadi mwezi, usijidanganye kwamba msimu utapita. Endelea kusoma ukiwa na kalamu mkononi.

## Kwa nini uzoefu hauupunguzi mzigo

Watu hudhani kazi humlegea mtu kadiri anavyokua ndani yake. Kwa wakili hutokea kinyume. Mashauri mepesi huenda kwa vijana kwa sababu ada yao ni ndogo. Kwako huja yaliyo mazito, yenye fedha nyingi, au yaliyoharibiwa na mtu mwingine yakaletwa yakiwa mahututi. Vijana wa ofisini wanakuja kukuuliza kila baada ya nusu saa. Wenzako wanakuweka kwenye kamati. Ukoo nao una wakili mmoja, ndiye wewe: kiwanja cha shangazi Kibaha, mirathi ya baba mdogo, mpwa aliyekamatwa Ijumaa jioni. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloandikwa kwenye daftari la mashauri, lakini yote yanakula saa.

Saa zenyewe nazo zimepoteza mpaka. Zamani masjala ilipofungwa mchana, siku ya kuwasilisha hati ilikuwa imekwisha, na wakili aliyechelewa alijua amechelewa. Kanuni za uwasilishaji wa nyaraka kwa njia ya kielektroniki za mwaka 2018 zilikubali hati iliyotumwa kabla ya saa 6 usiku ihesabiwe kuwa ya siku hiyo. Faida yake ni kubwa, hasa kwa wakili aliye mbali na masjala. Lakini siku ya mwisho sasa inafika hadi usiku wa manane, na aliyezoea kubana muda ataubana hadi saa 5:50 usiku. Ongeza mteja anayetuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp saa 4 usiku akitarajia jibu kabla ya kulala. Anayesema wazee wetu waliiweza kazi hii bila kulalamika analinganisha siku mbili zisizo na urefu sawa.

Kuna hoja nzito kidogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliohusisha mawakili 12,825, ulikuta asilimia 28 wana dalili za sonona, asilimia 19 wana dalili za wasiwasi, na takriban mmoja kati ya watano anakunywa pombe kwa kiwango cha hatari. Ulikuta pia kwamba wanaoumia zaidi ni wale wa miaka ya mwanzo kazini. Je, hili si la vijana basi? Vijana wanahitaji makala yao, na inafaa iandikwe. Lakini kijana akichoka, yupo mkubwa anayesoma hati yake kabla haijatoka ofisini. Ukichoka wewe, hakuna anayesoma yako. Tena ukubwa unamfundisha mtu kuficha. Katika uchunguzi wa Chama cha Mawakili cha Kimataifa wa mwaka 2021, takriban wanne kati ya kila kumi waliohojiwa walisema hawawezi kumweleza mwajiri hali yao bila kuhofia kwamba itawaharibia kazi. Mwenye ofisi hata huyo mwajiri wa kumweleza hana.

## Anayelipa ni mteja

Kama bado unaona kupunguza kazi ni kujidekeza, tazama njia moja tu ya kupotea. Mteja wako ameshindwa Mahakama Kuu katika shauri la madai na anataka kukata rufaa. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinakupa siku 30 kuwasilisha notisi ya rufaa, kisha siku 60 tangu notisi hiyo kuwasilisha rufaa yenyewe. Kwa kuwa nakala za mwenendo wa shauri huchelewa, kanuni ya 90 inatoa kinga: ukiziomba kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, siku zilizotumika kuziandaa zinatolewa katika hesabu, na msajili anakupa cheti kinachothibitisha hivyo. Kinga hiyo ina sharti: nakala ya barua yako ya maombi lazima mjibu rufaa naye apelekewe. Wakili aliyechoka anaandika barua, inafika kwa msajili, inagongwa muhuri, na yeye anaona amemaliza. Nakala ya upande wa pili inabaki ndani ya jalada, imebanwa kwa pini, ikisubiri mtu wa kuipeleka. Baadaye pingamizi linaletwa, cheti hakimwokoi, na rufaa inaondolewa kabla hoja hata moja haijasikilizwa.

Ukirudi kuomba kuongezewa muda, unatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa, na Mahakama ya Rufani imeshikilia mara nyingi kwamba uzembe wa wakili kwa kawaida si sababu ya kutosha. Sheria haina mlango ulioandikwa "wakili alichoka". Mteja aliyelipa ada yote, akahudhuria kila tarehe, ndiye anayetoka nyumbani kwake. Kwa hiyo kupima mzigo wako ni sehemu ya wajibu wako kwake, sawa na kusoma sheria kabla ya kumshauri.

## Hatua ya kwanza: hesabu

Tenga saa tatu asubuhi moja, bila simu, ufanye haya:

1. Andika kila jalada lililo hai. Anza na orodha iliyo kwenye mfumo wa mahakama, kisha ongeza mikataba, mirathi, usuluhishi, ushauri wa kila mwezi, na mambo ya ndugu yasiyo na ada.
2. Kando ya kila moja andika wastani wa saa linalohitaji kwa wiki: kusoma, kuandika, simu, safari, na kukaa kwenye benchi la mahakama ukisubiri kuitwa.
3. Andika saa za kuendesha ofisi: mishahara, kodi, kusoma kazi za vijana, mafunzo endelevu, kamati.
4. Toa saa za ofisi katika saa ulizonazo kwa wiki. Zilizobaki ndizo za wateja.
5. Linganisha.

Chukua mfano wa majalada 60, kila moja likihitaji saa moja na nusu kwa wiki. Hizo ni saa 90. Ukifanya kazi saa 45 kwa wiki na 15 kati yake zikaenda kwenye ofisi, wateja wamebakiwa na saa 30, zinazotosha majalada 20. Yale 40 yaliyobaki unayabeba kwa mkopo, na unaowakopa ni usingizi wako, watoto wako, na ubora wa yale 20. Utasema mashauri hayahitaji saa sawa kila wiki, mengine yamelala miezi. Ni kweli, basi punguza makadirio kwa nusu: dakika 45 kwa jalada. Bado ni saa 45 juu ya 30 ulizonazo. Na shauri lililolala haliamki siku unayoitaka wewe. Huamka kwa wito wa mahakama, mara nyingi wiki ile ile ambayo mengine matatu yameamka.

Wapo watakaojibu kwamba wao hufanya kazi saa 70, si 45. Hapo Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yana la kusema. Makadirio yao ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Saa unazozidisha hazitoki hewani.

## Hatua ya pili: gawa majalada mafungu manne

- Langu mwenyewe. Mashauri ambayo mteja anahitaji uzoefu wako hasa. Fungu hili lisizidi idadi uliyoipata kwenye hesabu.
- La ofisi. Kazi ambayo wakili mdogo anaweza kuibeba, wewe ukiitazama kwa tarehe zilizopangwa.
- La kuhamisha. Kazi nje ya eneo lako, iliyo mbali, au iliyopokelewa kwa kumwonea mtu aibu.
- La kufunga. Hukumu imetoka na hakuna hatua nyingine; au mteja hajaonekana wala kujibu simu tangu mwaka juzi.

Fungu la kufunga ndilo linalodharauliwa, na ndilo linaloleta nafuu ya haraka. Jalada lisilofungwa linaendelea kukusumbua hata likiwa chini kabisa ya rundo, kwa sababu ukilipita unajiuliza kama kuna tarehe uliyoisahau. Hakikisha kwanza hakuna amri wala muda wa ukomo unaokimbia, mwandikie mteja barua ya kufunga, mrudishie nyaraka zake za asili, tunza nakala, kisha liondoe mezani.

Fungu la kuhamisha linataka uangalifu zaidi, kwani hapa ndipo nia njema hugeuka kosa la kimaadili. Ukijitoa katika shauri:

1. Mpe mteja taarifa ya maandishi yenye muda wa kutosha kupata wakili mwingine, na sababu ya kweli.
2. Iarifu mahakama kwa utaratibu wake na upande wa pili pia. Usidhani barua kwa mteja inatosha.
3. Andika ukurasa mmoja kwa wakili mpya: shauri limefika wapi, tarehe ijayo, muda unaokimbia, shahidi asiyepatikana kwa urahisi.
4. Rudisha sehemu ya ada ambayo hujaifanyia kazi.

Onyo: usijitoe shauri likiwa limekaribia kusikilizwa, wala siku za kukata rufaa zikiwa zinakwisha. Shauri la namna hiyo livushe kwanza, hata kama limo kwenye fungu la kuondoka.

## Hatua ya tatu: mpe mtu jalada

Mawakili wengi wakubwa husema walijaribu kugawa kazi wakashindwa, kwa kuwa vijana hawaaminiki. Ukitazama kwa karibu, mara nyingi kijana hakupewa jalada, alipewa kipande. Aliambiwa saa 9 alasiri aandike majibu ya pingamizi yatakayowasilishwa usiku ule, bila kumwona mteja wala kujua shauri linaelekea wapi. Akakosea, mkubwa akaiandika upya usiku, na wote wawili wakajifunza somo baya: kijana kwamba kazi yake si kitu, mkubwa kwamba bora afanye mwenyewe. Gawa hivi:

- Kijana akae nawe siku mteja anapokuja mara ya kwanza, na mteja aambiwe huyu ndiye atakayempigia.
- Mpe jalada zima tangu hati ya madai, pamoja na tarehe mbili: ya rasimu na ya mwisho. Ya rasimu itangulie kwa siku saba.
- Sahihisha kwa kalamu pembeni ya ukurasa, yeye ndiye aandike upya. Mara tatu za kwanza zitakugharimu muda kuliko kufanya mwenyewe. Ukivumilia, ya nne itakuja imenyooka.
- Mgawie sehemu ya ada. Anayebeba jalada bila kuona matunda yake ataondoka, na jalada litarudi kwako.

Kwa anayefanya kazi peke yake, mpango ni ule ule ila kijana anageuka kuwa mwenzako wa ofisi nyingine. Kubalianeni mawakili wawili au watatu, kila mmoja awe na orodha ya tarehe za mwenzake, iliyopunguzwa ili isitoe siri za wateja, na wateja wameridhia. Anayesimama kwa niaba ya mwenzake apewe maelekezo ya kuendelea na shauri. Kumtuma kuomba ahirisho peke yake kunahamisha mzigo wa leo kwenda mwezi ujao, ukiwa umeongezeka.

## Hatua ya nne: weka uzio, kisha pumzika

Sasa mapumziko yana maana, kwa sababu unakorudi hakufanani na ulikotoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 na kuweka ukomo wa kawaida wa saa 45 kwa wiki. Unawatetea wengine kwa sheria hiyo kila mwaka. Ichukue kama kipimo chako pia, hata kama wewe ni mwenye ofisi na hakuna wa kumshtaki. Mahakama Kuu yenyewe ina likizo ya kuanzia 15 Desemba hadi 31 Januari, ingawa mashauri ya dharura huendelea kusikilizwa. Mawakili wengi huigeuza kuwa msimu wa kulipa madeni ya mwaka mzima, wakaingia Februari wakiwa wamechoka kuliko Novemba. Tenga angalau wiki mbili ndani yake ambazo hakuna rasimu, na ziandike kwenye kalenda mwezi Machi, kabla hazijachukuliwa.

Uzio wa kila wiki ni huu:

- Siku moja bila mahakama wala miadi, ya kusoma na kuandika.
- Shauri zito moja tu kwa siku. Ukipangiwa tarehe inayogongana na nyingine, sema pale pale mahakamani, usisubiri ufike ofisini.
- Tarehe ya mwisho ya ofisi iwe siku saba kabla ya ile ya kisheria.
- Saa za kupiga na kupokea simu za wateja zijulikane, na karani awe na namba ya dharura kwa mambo kama kukamatwa au amri ya kubomolewa nyumba.
- Kila jalada jipya lipokewe kwa kuulizana: linakwenda fungu gani, na lipi linatoka?

## Maneno ya kumwambia mteja

Wengi wanajua kwamba inafaa wakatae. Kinachowashinda ni ulimi. Kukataa kwetu kunahitaji heshima, na heshima haitaki maelezo marefu. Kwa mama aliyeletwa na jirani, maneno kama haya yanatosha: "Mama, shauri lako nimelisoma na lina msingi. Linahitaji mtu wa kulikalia tangu wiki hii, na mimi kwa mzigo nilionao sitaweza kabla ya Juni. Nisingependa uchelewe kwa ajili yangu. Nina mwenzangu anayeyajua mambo ya ardhi vizuri. Ukiridhia, nampigia sasa hivi ukiwa hapa." Kwa ndugu: "Baba mdogo, hili nitalitafutia mtu na nitahudhuria kikao cha kwanza pamoja nawe. Kulibeba mwenyewe nitakuharibia." Katika yote mawili humwachi mtu barabarani, na hukutoa ahadi usiyoiweza.

## Hoja zinazorudi, na majibu yake

"Nikikataa mara moja, mteja hatarudi." Baadhi hawatarudi, na ni haki yao. Lakini sifa ya wakili huharibiwa zaidi na mashauri aliyoyapokea akayapoteza kuliko yale aliyoyakataa kwa ukweli. Aliyeelekezwa kwa mtu mzuri huwasimulia wengine kwamba ulikuwa mkweli kwake.

"Nina mishahara na kodi ya pango, kila jalada ni fedha." Rudi kwenye hesabu yako, uongeze safu ya tatu: kiasi ambacho kila jalada limelipa kweli kweli mwaka huu. Utakuta yapo yaliyolipa ada ya kwanza kisha yakanyamaza, na ndiyo yenye simu nyingi kuliko yote. Ukiyapunguza hayo, saa zinazorudi unaziweka kwenye yanayolipa.

"Wateja wananitaka mimi." Wanataka shauri lao lisimamiwe na mtu anayelijua. Wewe waliyekufuata, ukiwa umelifungua jalada saa 8 usiku, siye yule waliyeambiwa habari zake.

"Mimi ni mwajiriwa wa Serikali au wa kampuni, majalada sichagui." Hesabu bado ni yako. Mpelekee kiongozi wako orodha, saa, na tarehe zinazogongana kwa maandishi, umuulize lipi litangulie. Malalamiko ya mdomo husahaulika. Orodha inamfanya naye awe na sehemu katika uamuzi.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuongeza kijana kabla ya kuhesabu. Ofisi inapata mtu mwingine wa kuelemewa.
- Kupunguza usingizi ili "kumaliza kwanza". Rundo haliishi, na hati iliyoandikwa saa 9 usiku hurudi na pingamizi.
- Kunywa ili kulala, au kununua dawa za usingizi dukani bila daktari.
- Kuacha akaunti ya fedha za wateja bila kukaguliwa kwa sababu ya kuchoka. Fedha ya mteja haina udhuru. Kama huna nguvu za kuitazama kila wiki, mpe mhasibu kazi hiyo leo.
- Kufunga ofisi kwa hasira au kuacha uwakili ghafla. Uamuzi mkubwa usifanywe na akili iliyochoka. Punguza kwanza, upate usingizi wa wiki kadhaa, halafu uamue.

## Wakati wa kumwona daktari

Hatua hizi zinapunguza mzigo. Hazitibu sonona wala shinikizo la damu. Nenda hospitali ukiona usingizi umekataa kwa wiki kadhaa, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio bila sababu, huzuni haiondoki hata siku za mapumziko, au pombe imekuwa ya kila siku. Huduma za afya ya akili zinapatikana Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe, Dodoma. Daktari wa hospitali iliyo karibu nawe pia anaweza kuanza nawe na kukupeleka panapofaa. Likikujia wazo la kujidhuru au kwamba wenzako wangepata nafuu usipokuwepo, usikae nalo hadi asubuhi. Mwambie mtu mmoja sasa hivi, mke, mume, kaka, rafiki, usibaki peke yako, na mpelekane hospitali siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wakili anayeficha hali yake anawaficha pia watu walio tayari kumbeba.

## Kuhusu kupoteza wateja

Turudi kwenye swali lenyewe: inawezekana kupunguza kazi bila kupoteza mteja yeyote? Haiwezekani. Kati ya majalada 60, mengine yatafungwa, mengine yatakwenda kwa wenzako, na baadhi ya wenyewe watanung'unika. Lakini kwa hesabu ile ya mwanzo, wale 40 hukuwa nao hata kabla. Walikuwa na jina lako kwenye hati ya uwakilishi, saa zako hawakuwa nazo. Utakaobaki nao watakuwa na wakili aliyesoma jalada lao mchana, akampelekea mjibu rufaa nakala ya barua siku ile ile ilipopigwa muhuri, na anayepokea simu yao bila kuigeuza kifudifudi.